Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Uhakiki wa Mkahawa wa Kipwani Mjini Kampala

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani kwa sababu ndizo zilizomo katika mtaala. Lakini katika mtaa ninaokaa, kazi ya Kiswahili inayotazamwa na watu wengi kuliko zote si kitabu. Ni mkahawa. Uko mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka lango kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, una meza kumi na nne, na umepambwa kuanzia mlangoni hadi chooni kwa mandhari ya pwani ya Waswahili. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitasema mabaya kiasi na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Nimekwenda pale karibu mwaka mzima, mara nyingi siku za Jumamosi, na katika makala haya nauhakiki kama tunavyofundishwa kuhakiki kazi yoyote: kimewekwa nini, kimewekwaje, na hadhira yake, yaani wateja, inafanya nini nacho.

Fani kwanza. Mlango ni wa mbao nzito, umechongwa maua na minyororo na kupigiliwa misumari mikubwa ya shaba, kwa mfano wa milango ya Mji Mkongwe. Ndani kuna taa za vioo vya rangi, mikeka ya ukili, kasha moja la Kiarabu lisilofunguka na picha za majahazi. Kwenye rafu ya juu yamepangwa madele matatu ya shaba, yanang'aa kwa kusuguliwa. Hayajawahi kushuka. Kahawa yenyewe inatoka kwenye mashine ya espreso iliyo nyuma ya kaunta, na inaletwa ndani ya kikombe kikubwa chenye povu la maziwa lililochorwa moyo. Kwenye menyu inaitwa Kahawa ya Sultani na bei yake ni shilingi 12,000, pesa ambayo kwa mwanafunzi wa Makerere ni rolex nne za Wandegeya, na zenye mayai mawili.

Aliyewahi kunywa kahawa ya pwani atajua kwamba hapo kuna kazi mbili zisizofahamiana. Kahawa ya pwani ni nyeusi, chungu, mara nyingine ina tangawizi, inanywewa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na ule uchungu unatulizwa kwa kashata. Muuzaji hubeba dele lake likiwa juu ya makaa na kugonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Bila ya mlio ule, dele ni chombo tu. Hata neno lenyewe lina mambo yake: Mswahili anaposema mkahawa anaweza kuwa na maana ya mahali pa pilau, chapati na chai, ambapo kahawa haipo kabisa, na mtu wa kahawa akawa nje, barazani. Kwa hiyo mkahawa wetu umechukua jina la ndani na mapambo ya nje, ukavichanganya. Hilo silioni kuwa kosa kubwa. Kila mji hufanya hivyo.

Linalonisumbua ni kanga.

Zipo kumi na moja ukutani, zimenyooshwa na kupigiliwa misumari midogo kama ramani. Kanga, kama tunavyojua, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Jina ndilo linaloifanya kanga iwe fasihi. Mwanamke hayatungi maneno yale. Anayachagua dukani akiwa na mtu moyoni, halafu anapita mbele ya mtu huyo akiwa amejifunga, bila kufungua mdomo. Anayelengwa anajua kuwa ni yeye, majirani wanajua, na hakuna awezaye kushtaki kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Sasa katika mkahawa wetu kanga iliyoandikwa “Mwenye wivu ajinyonge” imewekwa juu ya meza ya pembeni inayopendwa na wachumba. Kila Jumamosi jioni vijana wawili hukaa pale wakishikana mikono chini ya agizo la kujinyonga. “Hasidi hana sababu” iko kando ya sinki la kunawia. Moja imetundikwa kichwa chini miguu juu, na kwa miezi yote niliyokwenda hakuna aliyeigeuza. Na juu kabisa ya mahali pa kulipia, katika rangi nyekundu na nyeupe, ipo iliyoandikwa “Usisafirie nyota ya mwenzio”. Mhakiki hahitaji kuongeza neno hapo. Biashara imejiandikia uhakiki wake na kuutundika juu ya sanduku la pesa.

Menyu nayo ina “kahawa mzuri ya Lamu” na “karibuni mteja wetu”. Ningeyapita makosa haya kimya, kwani sisi sote tumeanza na upatanisho wa kisarufi tukiwa tunajikwaa. Lakini menyu hiyohiyo ina sentensi za Kiingereza zisizo na kosa hata moja. Maana yake kuna mtu aliyelipwa kusoma upande mmoja na hakuna aliyelipwa kusoma upande wa pili. Tena mlango wa choo cha wanawake umebandikwa picha ya Bi Kidude. Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013 akiwa ameimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago kwa miongo mingi, ndiye alama ya kuonyesha wapi pa kwenda haja. Sidhani kuna aliyekusudia kumdharau. Naamini walitafuta picha ya mwanamke wa pwani, wakaipata, wakaiona nzuri.

Je, wateja wanayapokeaje haya? Katika somo la nadharia tumeambiwa kuwa maana ya kazi haikamiliki mpaka msomaji aipokee, na hapa nilibahatika, kwa sababu mkahawa una daftari la wageni. Liko kwenye kaunta, lina kamba na kalamu, na yeyote anaweza kuandika. Nimelisoma lote, kurasa zaidi ya sitini, nikiwa nangoja mahamri. Karibu kila aliyeandika anasifu picha: mwanga ni mzuri wa kupigia picha, ukuta wa kanga unapendeza, taa zinapendeza. Wanaofuata ni wa viti na intaneti: viti ni laini, intaneti haikatiki, soketi zipo kila meza. Mwanafunzi mmoja wa udaktari ameshukuru kwa kuwa alisomea mtihani wake wote pale na hakuna aliyemfukuza. Wachache wanalalamika kuwa kahawa ilifika ikiwa imepoa. Mgeni mmoja aliyaita mapambo ya Kihindi, mwingine ya Kimoroko. Katika kurasa zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyetaja neno lolote lililoandikwa ukutani.

Isipokuwa mmoja. Katikati ya daftari, kwa mwandiko wa kulala, mtu ameandika maneno mawili tu: “Kashata je?” Hakuweka jina. Chini yake, kwa wino mwingine, mtu ameuliza kwa Kiingereza neno la siri la intaneti.

Nilifanya jaribio dogo. Kwa Jumamosi tatu niliagiza kwa Kiswahili tu, sanifu, polepole, bila kujionyesha. Mhudumu wa kwanza alicheka, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimetoka Kenya. Wa pili, kijana mpole anayewaita wateja wote “nyabo” na “ssebo”, alinyamaza, akamwita msimamizi. Msimamizi alikuja akiwa amenyoosha shati na kuuliza kama kuna tatizo lolote na mahali. Baadaye yule kijana aliniambia ukweli: alidhani mimi ni mtu wa usalama. Jumamosi ya tatu walikuwa wameshanizoea, wakaniletea kahawa kabla sijafungua mdomo, na jaribio likafia hapo.

Wenzangu wa Tanzania watakaosoma makala haya huenda wakashangaa, kwa hiyo nieleze. Uganda, Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi kwa muda mrefu sana. Wakati wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na hakikuwa kikiuliza habari za nyumbani. Wazazi wetu wakarithi hofu ile. Nilipomwambia shangazi yangu kwamba nimechagua Kiswahili chuoni, aliniuliza kama nataka kuwa askari. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Katika karatasi, basi, tumeshafika. Mitaani bado mtu akikusemesha Kiswahili ghafla, mkono wako unatafuta kitambulisho.

Kwa hiyo nilipouona mkahawa huu mara ya kwanza nilifurahi kwelikweli. Nilijiambia: hapa ndipo Kiswahili kitavua buti. Watu watakutana nacho kikiwa na iliki na mdalasini, si kikiwa na bunduki. Hili ndilo jambo ambalo mkahawa ungeweza kulifanya na sisi wanafunzi hatuwezi kulifanya kwa makongamano yetu.

Lakini angalia kilichotokea. Katika jengo lote kuna mtu mmoja tu anayezungumza Kiswahili kila siku kazini, naye ni mlinzi wa getini. Ni mzee wa miaka sitini hivi, amestaafu jeshi. Kila anayeingia husimamishwa naye, akapitishwa kile chombo cha kukagua vyuma, akaambiwa: “Simama. Fungua mkoba. Haya, pita.” Wateja wananyanyua mikono bila kumtazama usoni. Kisha wanaingia ndani na kupiga picha mbele ya maneno ya Kiswahili. Yaani mkahawa umechukua hofu ya zamani ukaiacha mlangoni, mahali pake palepale, na ndani ukaweka Kiswahili kisichosema na mtu.

Nilianza kumsalimu.

“Shikamoo, afande.”

Alinitazama muda mrefu kabla ya kuitikia. “Marahaba, binti. Wewe ni wa wapi?”

“Wa Bududa, mzee. Nasoma Kiswahili hapo Makerere.”

“Kinasomwa?” Alishangaa kwa dhati. “Mimi nilikipata jeshini. Kule hakuna kabila, kuna Kiswahili.”

Kiswahili chake si sanifu. Ngeli anazipanga anavyotaka, na mhadhiri wangu wa sarufi angemaliza kalamu nyekundu. Lakini anakitumia kuuliza, kutania, kulalamikia mshahara na kueleza namna ya kupanda migomba kwenye udongo mwekundu. Katika kazi hii ninayoihakiki yeye ndiye mhusika pekee aliye hai, na mtunzi amemweka nje ya jalada.

Kuna watakaosema kwamba kasoro ya mkahawa huu ni kuiga, kwamba Kampala si pwani na haina haja ya kujifanya pwani. Sikubaliani nao. Mwaka jana darasa letu lilipokwenda Unguja kwa wiki mbili za mazoezi ya lugha, tulikaa jioni kadhaa pale panapoitwa Jaws Corner, njia panda ya vichochoro ndani ya Mji Mkongwe. Jina lile limetokana na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975, ile ya papa mla watu, na papa amechorwa ukutani. Kuna hata simu ya zamani iliyotundikwa na kuandikiwa kwamba kupiga ng'ambo ni bure, nayo ni mzaha mtupu. Kwa mapambo, basi, pale pamejengwa kwa kuiga kitu cha mbali kuliko sisi tulivyoiga. Hata hivyo hakuna anayekwenda kumtazama papa. Watu wanakwenda kukaa barazani, kunywa kahawa ya dele, kucheza dhumna na kubishana siasa mpaka usiku. Papa amekuwa mwenyeji kwa sababu amezungukwa na maneno ya watu. Jina la kuazima halikuwazuia kuzungumza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa baraza hulipita haraka. Jaws Corner ni pa wanaume. Mimi na wenzangu wawili tulisogezewa nafasi kwa kuwa tulikuwa wageni tena wanafunzi, na hata hivyo tulikaa ukingoni, tukiulizwa maswali ya adabu. Sikuona mwanamke wa mtaa ule akiwa amekaa na kikombe. Katika mkahawa wetu wa Kampala msichana anaweza kukaa saa tatu na kompyuta yake na kikombe kimoja, asisumbuliwe na mtu. Yule mwanafunzi wa udaktari aliyeshukuru kwenye daftari, kwa jina lake, ni mwanamke. Sifa hii ni kubwa, na siitoi kwa kuonea haya. Ninachokataa ni kudhani kwamba bei ya amani ile lazima iwe ukimya, kila mteja na kioo chake.

Na kuna sifa ya pili. Mahamri ya Jumamosi ni mahamri hasa. Yamevimba, yana iliki na tui la nazi, na yanaletwa na mbaazi. Anayeyapika ni mama mmoja aliyeolewa Mombasa akaishi huko miaka kumi na miwili, kisha akarudi Kampala na watoto wake. Nilimwomba aniruhusu nimwone jikoni. Alikuwa akisukuma unga huku akiimba kwa sauti ya chini, na aliponisikia nikisema “hodi” alijibu “karibu mwanangu” kabla hajageuka kuona ni nani. Nilimwuliza kuhusu kanga zile. Akasema alimweleza msimamizi siku ya kwanza kwamba nyingine ni za matusi ya kistaarabu na moja imepinduliwa. Msimamizi akamjibu kwamba wateja hawasomi. Kwa hilo msimamizi yuko sahihi, daftari linamuunga mkono. Lakini hawasomi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa panasomeka. Ingetosha mhudumu mmoja kujua maana ya kanga iliyo juu ya meza yake. Wateja wangecheka, wangebishana, wachumba wangehama meza.

Kahawa yenyewe ingeweza kusema pia. Magunia yaliyorundikwa pembeni kama pambo yameandikwa Bugisu, na hiyo ni kahawa ya kwetu, ya Mlima Elgon, ile iliyonilipia ada ya sekondari. Kahawa ya Uganda hupitia Mombasa kwenda ng'ambo, kwa hiyo uhusiano wetu na pwani upo, haukuhitaji Sultani. Na kabla ya kikombe chochote, Waganda walitafuna buni, wakampa mgeni buni za kutafuna, na waliokuwa wakichanjiana udugu walikula buni iliyopakwa damu. Mahali ambapo kahawa ilikuwa ikifanya watu wawe ndugu tumeileta pwani, watu waliokuwa wakizungumza juu ya kahawa, kisha tumevikutanisha vyote viwili ndani ya chumba kimoja na kuweka vipokea sauti masikioni.

Nimeacha baraza mwisho. Mbele ya mkahawa, nje kabisa, upande wa barabara, waliujengea ukuta benchi refu la saruji lililopakwa chokaa, kukamilisha sura ya nyumba ya Kiswahili. Nadhani hawakufikiri kwamba mtu atalikalia. Lakini baraza ni baraza. Wiki ya pili tu waendesha bodaboda walikuwa wamelizoea. Mlinzi akasogeza kiti chake. Muuza karanga akaja. Kwa kuwa mlinzi ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, na bodaboda wale walitoka Mbale, Arua, Masaka na kwingineko, mazungumzo yaliangukia Kiswahili chake, kibovu na kitamu, kilichochanganywa na Luganda. Niliwakuta siku moja wakibishana kama mtu anaweza kukataa mahari ya ng'ombe akadai pesa. Mmoja alinigeukia akauliza, “Dada, wewe msomi, Kiswahili cha ‘bride price’ ni nini?” Nikamwambia ni mahari. “Basi mahari ya huyu ni deni,” akasema, na baraza zima likacheka, na mimi nikachelewa kuingia ndani. Katika kazi nzima ile ndiyo iliyokuwa sehemu iliyofanikiwa, na ilifanikiwa bila mtunzi kujua.

Ilidumu kama mwezi mmoja. Kisha vikawekwa vyungu vya maua juu ya baraza, vikubwa, vimepangwa hatua moja moja kutoka mwisho hadi mwisho, ili pasikalike. Nilimwuliza msimamizi. Alinijibu kwa upole kwamba wateja wawili walilalamika kuhusu kelele mlangoni, na kwamba mwonekano wa mbele unatakiwa uendane na mandhari.

Siku hiyo nilifungua daftari la wageni, nikatafuta ukurasa wenye “Kashata je?”, na chini yake nikaandika: “Na vyungu vitolewe barazani.” Nilitia sahihi na jina la kozi yangu. Jumamosi iliyofuata daftari lile halikuwepo. Walikuwa wameweka jipya, lenye kurasa tupu na jalada la kanga, na yule mama wa jikoni aliniambia kwamba kashata anajua kuzitengeneza, ila hajaombwa.